Kutoka Rusumo Hadi Nyange: Safari ya Kulifuata Neno

Msafiri anayetoka Tanzania kwenda Rwanda kwa barabara hufika mahali ambapo lami inateremka bondeni, na kabla hajauona mto, anausikia. Hapo ni Rusumo, wilayani Ngara. Maji ya Kagera, ambao wenzetu Wanyarwanda huuita Akagera, yanajibana kwenye miamba na kuanguka kwa kishindo. Upande huu magari hupita kushoto, upande wa pili hupita kulia. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa mwaka 2016, na siku hizi mama mwenye kikapu chake hukamilisha shughuli zote za kuvuka mahali pamoja.

Tulikuwa akina mama saba wa kanisa moja, tukienda kuwatembelea dada zetu katika Bwana walioko Kigali. Kwa miezi kadhaa kikundi chetu kilikuwa kikijifunza Waraka wa Yakobo, sura ya tatu, ile inayoufananisha ulimi na cheche ndogo inayoteketeza msitu. Tukakubaliana kwamba safari hii iwe sehemu ya somo. Tungepita mahali ambapo maneno yalifanya kazi yake, mabaya kwa mema, tutazame kwa macho yetu. Nawaandikia wasomaji wenzangu, wake na mama, yale tuliyoyaona.

MTO NA HOTUBA

Somo lilianza pale pale darajani. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka hapa kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Na chini ya daraja, majuma hayo hayo, mto ulikuwa ukileta miili ya watu waliouawa. Ilikwenda na maji hadi Ziwa Viktoria. Wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliitoa ziwani na kuizika, na leo zaidi ya watu 10,000 wamelala katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo.

Mauaji hayo ya kimbari yalidumu siku 100 hivi tangu tarehe 7 Aprili 1994. Umoja wa Mataifa hutaja watu zaidi ya 800,000, na serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja. Wengi mno walikuwa Watutsi, na pamoja nao waliuawa Wahutu waliokataa uovu ule.

Lakini mto ule ulitajwa kabla. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, kaskazini magharibi mwa Rwanda, msomi mmoja aliyekuwa kiongozi wa chama tawala, Léon Mugesera, alisimama mbele ya mkutano wa hadhara. Aliwaambia watu kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba wangerudishwa huko kwa njia ya mkato ya mto Nyabarongo. Hakuna aliyedhani anazungumzia mashua. Watu walielewa. Miezi 17 baadaye ikawa hivyo. Nyabarongo ndio unaoingia Akagera, na Akagera ndio unaopita chini ya daraja la Rusumo. Mugesera alikimbilia Canada, akarejeshwa Rwanda mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha. Hukumu ile ilitokana na maneno aliyoyasema.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Pale darajani tuliona kwamba kitu kisicho na mfupa kinaweza kuvunja mifupa ya taifa zima.

NYAMATA: REDIO NA SIMU

Tulilala Kigali, na asubuhi tukashika barabara ya kusini kwenda Bugesera. Nje kidogo ya jiji barabara inavuka Nyabarongo wenyewe, mto mpana wa rangi ya udongo, mafunjo yamesimama pande zote mbili. Hakuna aliyesema neno mpaka tulipofika ng'ambo. Baada ya kilomita 30 hivi tangu Kigali tulikuwa Nyamata.

Kanisa la Nyamata ni jengo la matofali la kawaida, kama makanisa mengi ya parokia tunayoyajua. Ukiingia ndani unaona paa la bati lililotobolewa na risasi na vipande vya mabomu, na mwanga wa jua unapenya katika vijitundu vile kama nyota mchana. Juu ya mabenchi zimelazwa nguo za waliouawa: gauni, sweta, koti la mtoto. Kuna rozari na vitambulisho. Kitambaa cha altare kipo mahali pake, kina madoa. Katika makaburi ya pale wamezikwa watu zaidi ya 45,000. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliiandika Nyamata, pamoja na Gisozi, Murambi na Bisesero, katika orodha ya urithi wa dunia.

Wengi wetu tulidhani habari ya Nyamata inaanza mwaka 1994. Inaanza mapema zaidi. Mwanzoni mwa Machi 1992 Redio Rwanda, redio ya serikali, ilisoma mara kadhaa taarifa iliyodai kwamba kuna barua ya siri inayopanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Taarifa ile ilikuwa ya uongo. Lakini mwananchi wa kijijini atajuaje? Alisikia redioni, sauti ile ile iliyomletea matangazo ya vifo na bei za mazao. Mara tu baada ya tangazo, hapa Bugesera, mamia ya Watutsi waliuawa na nyumba zao zikachomwa moto.

Na hapo hapo Nyamata aliishi mwanamke mmoja Mwitalia, Antonia Locatelli, mlei aliyekuwa amefanya kazi ya elimu na misheni nchini Rwanda kwa zaidi ya miaka 20. Alipoyaona yaliyokuwa yakitendeka alinyanyua simu, akaziambia redio za nchi za nje kwamba watu wanauawa na kwamba jambo hili limepangwa. Hakuwa na bunduki, hakuwa na cheo. Alisema alichokiona. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1992 alipigwa risasi akafa. Kaburi lake liko nje ya kanisa lile. Wanyarwanda wanalitunza, na wanamhesabu kuwa ni mmoja wa waliojitoa kwa ajili yao.

Tulisimama kaburini pale kwa muda. Redio ilisema uongo, watu wakafa. Mama mmoja alisema kweli kwa simu, naye akafa, lakini ulimwengu ukajua. Mtu akituambia kwamba maneno ni upepo tu, tumpeleke Nyamata.

GISOZI: WALIANZA KWA KUCHEKA

Siku ya pili tulikwenda Gisozi, kwenye kilima kimojawapo cha Kigali. Jumba la kumbukumbu lilifunguliwa hapo mwaka 2004, na katika bustani zake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Ndani mna vyumba vinavyoeleza hatua kwa hatua jinsi mambo yalivyofika pale. Sisi tulikaa zaidi mbele ya magazeti.

Gazeti la Kangura, katika toleo la Desemba 1990, lilichapisha kile lilichokiita amri kumi za Wahutu. Tazameni, wapendwa, walivyochukua jina la kitu kitakatifu wakalivika chuki. Na amri ya kwanza kabisa ilihusu nani? Mwanamke. Ilisema Mhutu yeyote anayemwoa mwanamke wa Kitutsi, au kumfanya rafiki, au kumwajiri awe katibu wake, ni msaliti. Chuki ilianza kwa kumsema vibaya mke wa mtu, mkwe wa mtu, binti aliyeajiriwa ofisini.

Kisha ikaja redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993. Haikuanza kwa kufoka. Ilipiga muziki ambao vijana waliupenda. Watangazaji walizungumza lugha ya mitaani, walitania, walicheka. Katikati ya vicheko wakawaita jirani zao inyenzi, yaani mende, na inzoka, yaani nyoka. Jina likazoeleka. Mende huulizwi kwa nini umemkanyaga. Nyoka akiingia nyumbani hata mtoto husifiwa kwa kumponda kichwa. Mauaji yalipoanza waliyapa jina jingine, wakayaita kazi, jina ambalo mtu mwema hulitaja kila asubuhi bila aibu.

Tusidhani kwamba sauti zile zilikuwa za wanaume tu. Mmoja wa watangazaji wa RTLM alikuwa mwanamke, Valérie Bemeriki. Mwaka 2009 mahakama ya gacaca ilimhukumu kifungo cha maisha.

Tulipokuwa tukirudi garini, mwenzetu mmoja, mke wa mchungaji, aliuliza, "Dada zangu, sisi kwetu tunawaitaje watu wa kabila lile ambao tunawacheka?"

Mwingine akajibu, "Lakini mama mchungaji, ule ni utani tu. Kwetu makabila yanataniana tangu zamani."

"Najua, mwanangu. Utani wetu una mipaka, na mtani wako hukuzika. Mimi nauliza lile jina ambalo huwezi kulitamka mbele yake."

Gari lilikuwa kimya hadi mjini. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati ya utani na sumu, na imeelezwa vizuri kuliko ninavyoweza kuieleza mimi.

TABA: WANAWAKE WALIOVUNJA UKIMYA

Barabara ya kutoka Kigali kwenda Muhanga inauvuka tena Nyabarongo, kisha inapanda milima ya Kamonyi. Huko ndiko iliko Taba. Mwaka 1994 kiongozi wa serikali wa eneo hilo alikuwa Jean-Paul Akayesu, ambaye zamani alikuwa mwalimu. Mwanzoni aliwalinda watu wake. Kisha akageuka. Tarehe 19 Aprili alihutubia wananchi akiwataka wamwondoe adui, na watu wakayaelewa maneno yale kuwa ni ruhusa ya kuua Watutsi.

Hapa Watanzania tunaingia katika habari hii, kwa kuwa kesi ilisikilizwa kwetu Arusha. Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu mwezi Novemba 1994, nayo ilifanya kazi katika jengo la mikutano la AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Wengi wetu tumepita mbele ya jengo lile tukienda sokoni.

Mashtaka ya kwanza ya Akayesu hayakutaja ubakaji hata kidogo. Ilikuwa aibu ambayo haisemwi, kama inavyokuwa katika jamii zetu nyingi. Mapema mwaka 1997, mashahidi wanawake kutoka Taba walipokuwa wakieleza mambo mengine, waligusia na hilo. Kati ya majaji watatu alikuwepo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Maswali yakaulizwa, na safari hii wanawake wakasikilizwa. Mwezi Juni mashtaka yakaongezwa. Wanawake wa Taba wakasafiri hadi Arusha, wengine wakipanda ndege kwa mara ya kwanza, wakasema mbele ya mtu aliyekuwa mkuu wao yale waliyotendewa. Majina yao yalifichwa kwa herufi.

Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alipatikana na hatia. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamkwa kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji hayo. Alihukumiwa pia kwa uchochezi, yaani kwa kinywa chake. Mwaka 2003 mahakama hiyo hiyo iliwahukumu waanzilishi wawili wa RTLM pamoja na mhariri wa Kangura. Jaji alimwambia mmoja wao kwamba alisababisha vifo vya maelfu pasipo bunduki wala panga. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu zao, lakini hatia ya uchochezi ilibaki kwa baadhi yao.

Nyuma ya mashahidi wa Taba alikuwepo mama mmoja, Godelieve Mukasarasi, aliyeanzisha chama cha kuwatunza wajane na yatima mwishoni mwa 1994. Aliwakusanya wanawake, akawasikiliza, akawatia moyo waliotaka kutoa ushahidi. Mwaka 1996 mumewe na binti yake waliuawa. Hakuacha. Wapendwa, mara nyingine neno jema la mwanamke ni hili tu: kumwambia mwenzake, "Sema, mimi niko hapa nasikia." Tunaposema ulimi uzuiwe, tusichanganye na kunyamazia uovu. Yule anayemwambia binti yake "nyamaza, utatuaibisha" naye ametumia ulimi, na ameutumia vibaya.

NGORORERO: MANENO MAWILI KATIKA WILAYA MOJA

Kutoka Muhanga tuliingia milimani, kwenye mashamba ya ngazi na migomba inayoning'inia juu ya mabonde, hadi wilaya ya Ngororero. Kabaya, mahali ilipotolewa ile hotuba ya mto, iko katika wilaya hii. Na Nyange pia iko katika wilaya hii.

Nyange ina makovu mawili. La kwanza ni la kanisa. Aprili 1994 watu wapatao 1,500 walijificha humo. Liliporomoshwa juu yao kwa tingatinga. Mahakama ya Arusha ilithibitisha kwamba dereva wa tingatinga alipotafuta kauli ya padri wa parokia, Athanase Seromba, padri alimpa maneno ya kumtia moyo na kumwonyesha upande ulio dhaifu. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mikono yake haikushika usukani. Kinywa chake kilitosha. Ilikuwa vigumu kwetu kusikia hayo yametoka kwa mtumishi wa altare, lakini tusiyafiche, kwa maana Yakobo aliwaandikia watu wa kanisani. Kinywa kinachombariki Mungu ndicho alichokionya.

Kovu la pili ni la shule ya sekondari. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wanafunzi wakiwa madarasani wanajisomea, watu wenye silaha waliingia. Waliwaamuru watengane, Wahutu huku na Watutsi kule. Wale watoto walijua maana yake. Waliokuwa Wahutu walijua pia kwamba wakihama hatua chache tu watapona. Wakajibu kwamba hapa hakuna Wahutu wala Watutsi, wote ni Wanyarwanda. Wakaamriwa tena, wakajibu vile vile. Wavamizi wakafyatua risasi na kurusha mabomu. Baadhi ya wanafunzi walikufa, wengine walijeruhiwa, na waliopona wanabeba makovu hadi leo. Taifa lao limewaandika miongoni mwa mashujaa, katika daraja linaloitwa Imena.

Walikuwa wasichana na wavulana wa umri wa watoto wetu walioko sekondari. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu redio iwafundishe majina ya wadudu. Katika wilaya ile ile ambako mtu mzima msomi alitumia ulimi wake kuwatenga watu, watoto walitumia ulimi wao kukataa kutengwa.

TUNALOPASWA KUFANYA MAJUMBANI

Hapo Nyange, tukiwa tumekaa kwenye nyasi, tulizungumza sana kama akina mama. Hakuna mtoto anayejifunza usiku mmoja kujibu vile. Na hakuna mtu mzima anayejifunza siku moja kumwita jirani mende. Yote mawili hujifunzwa polepole, na kwa sehemu kubwa hujifunzwa nyumbani: jikoni, mezani, na tunapozungumza na mashoga zetu tukidhani watoto wamelala.

Basi hebu tuanze na majina. Yule binti anayetusaidia kazi za nyumbani ana jina alilopewa na mama yake. Tumwite kwa jina hilo, na watoto wamwite dada. Mtoto ambaye mume alikuja naye asiitwe "yule wa nje" hata siku tumekasirika. Mama aliyecheleweshewa uzazi si mgumba; ni Mama, ni dada yetu. Wakwe zetu, wagonjwa, na watu wa kabila ambalo redio au wanasiasa wanalisema vibaya wakati wa uchaguzi, wote wana majina yao. Kila mara tunapomwondolea mtu jina lake tukampa la mnyama au la kasoro yake, tumeondoa tofali moja katika ukuta unaomlinda.

La pili, tupime habari kabla ya kuibeba. Bugesera iliangamia kwa taarifa ambayo hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Siku hizi habari haisubiri redio. Iko katika simu zetu, katika vikundi vya familia na vya kanisa, na kidole kimoja kinaipeleka kwa watu mia. Mama mwenye busara huuliza: nani ameona? Kisha hunyamaza mpaka apate jibu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

La tatu, tuwafundishe watoto kusema hapana kwa sauti. Tunawafundisha utii, na ni vema. Lakini mtoto aliyefundishwa kutii tu atamtii hata yule anayemwamuru atengane na mwenzake. Wakati wa ibada ya jioni tuwasimulie habari za wanafunzi wa Nyange, kisha tuwaulize: wewe ungejibuje? Tuwape nafasi wajibu wenyewe, nasi tusiwakatize.

Binti yangu mdogo, nilipomsimulia, alifikiri kidogo, akaniuliza, "Mama, ni nani aliyewafundisha wale kujibu hivyo?" Nilimwambia kwamba sijui majina ya mama zao, lakini nadhani walikuwapo.